Kigoma mpaka Buhingu kwa tanga, ukiwa na ndugu na mabaharia wenzako wa zamani: namna sisi tunavyojipanga

Kila mwaka tunafanya mbio za boti za tanga, ni za ukoo na marafiki tu, hamna kombe wala mdhamini, boti tatu, mwaka mwingine nne, tunatoka Katonga pale Kigoma jioni, tunafukuzana kwenye Ziwa Tanganyika mpaka Buhingu, kabla hujaingia hifadhi ya Mahale. Ukipima kwenye ramani ni kilomita mia na ushee ila kwa tanga huwezi kwenda kama rula, ukishaanza kubisha, yaani kukata upepo huku na kule, unajikuta umeenda nyingi zaidi. Waliomo ni wenzangu niliokuwa nabeba nao chumvi ya Uvinza na dagaa enzi zile boti nyingi hazina mashine, sasa hivi wote wana mvi, pamoja na watoto wetu, wapwa na mashemeji. Naulizwa sana tunafanyaje, kwahiyo naandika kwa yeyote anayetaka kujaribu na watu wake.

Naanza na kitu ambacho wengi hawakipangi kabisa, nacho ni nani ana ruhusa ya kusema nini mkiwa ndani ya chombo.

Kuna mwaka tulikuwa tumeshapita mdomo wa Malagarasi, usiku wa manane, mwezi mkubwa juu, upepo mzuri unatoka milimani na boti inakwenda vizuri kabisa. Usukani nilikuwa nao mimi. Mbele pale omo amekaa mpwa wangu, kijana wa miaka 17, macho yake makali kuliko yetu wote. Nikamuona anageuka ananiangalia, halafu anarudi kuangalia mbele, halafu anageuka tena. Nikajua ana njaa. Kumbe alikuwa anaona ule mng'ao wa mwezi juu ya maji umekatika upande wa kusini, kuna mstari mweusi unakuja, na kila dakika uko karibu zaidi. Hakusema. Upepo ulipofika ulitupiga kwa ubavu mwingine kabisa, tanga likapinduka, na foromali, ule mti unaoshika tanga, ikakatika katikati kwa mlio wa bua la muhogo mkavu, kipande cha juu kikabaki kinaning'inia kwenye turubai kinapigapiga mlingoti. Tulishusha kwa shida, mzee mmoja akachanika kiganja kwa kamba, na maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu. Tulipotulia nikamuuliza kijana kwanini hukusema, akanijibu taratibu, "Mjomba, nilidhani mmeuona."

Hilo jibu sijalisahau mpaka leo. Kijana alilelewa vizuri, hawezi kumsahihisha mjomba wake mbele ya watu anaowaita babu. Sasa wewe unayepanga safari na ukoo wako ujue hiyo heshima mnapanda nayo, na usipoipangia utaratibu nchi kavu, usiku itawafunga watu midomo.

Sisi tumeweka neno moja, TUA. Yeyote akisema tua, hata mtoto, hata shemeji ambaye ndio mara yake ya kwanza, tanga linashuka kwanza na maswali yanafuata likishakuwa chini. Na hatuishii kukubaliana kwa mdomo. Siku moja kabla ya kuondoka tunasukuma boti mpaka maji ya kiuno, tunatweka tanga, na mdogo kuliko wote anasema tua kwa sauti mara tatu, wazee wanashusha mara tatu. Mara ya kwanza mtoto anasema kwa aibu huku anaangalia chini, mara ya tatu anapaza sauti. Na mzee akigoma au akianza kumwambia mtoto acha mchezo basi mwaka huo haendi, hata kama ndio fundi wa tanga kuliko sote. Imeshatokea, iliniuma kumwambia, ila ilibidi.

Ukitaka kujua kama ziwa linatisha kweli au natia chumvi, angalia wenzetu Marekani. Ziwa Michigan wana mbio za kutoka Chicago mpaka kisiwa cha Mackinac, maili 333, kama kilomita 536 hivi, zilianza 1898, na waliokwenda mara 25 na zaidi wana jina lao la heshima wanaitwa mbuzi wa kisiwani. Kule kuna vifaa vya kila aina, na bado mwaka 2011 dhoruba ya usiku ilipindua chombo kimoja na mabaharia wawili wakafariki. Ziwa halina dalili ndefu kama bahari, linabadilika ukiwa unameza tonge. Na hili letu lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 kaskazini kwenda kusini, upepo wa kusi ukivuma kwa siku mbili tatu unakuwa na nafasi ndefu ya kujenga mawimbi kabla hayajakufikia wewe.

Sasa wakati wa kwenda. Kusi inaanza kuonekana mwezi wa tano na inakuwa kali wa sita, wa saba na wa nane. Masika usijaribu, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne kuna ngurumo za usiku, radi za Kigoma kila mtu anazijua, na mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote ziwani. Mwezi wa nane kuelekea wa tisa kuna tatizo lingine, watu wanachoma nyasi, moshi unafunika milima na unakosa alama. Sisi tunaenda mwezi wa sita. Utasema mbona kusi inatoka hukohuko mnakokwenda, ni kweli, na hapo ndipo penye ufundi wa hii safari yote. Mchana upepo wa ziwa na kusi vinakuja usoni, ukilazimisha unachoka na husogei. Lakini jua likishazama upande wa Kongo, huku kwetu inakuwa kama saa moja jioni, nchi kavu inapoa, na baada ya muda upepo unaanza kushuka kutoka milimani kuja ziwani. Huo unakupiga ubavuni, na kwa boti ya tanga ubavuni ndio raha yenyewe. Kwahiyo tunakimbia usiku, asubuhi jua likishapanda tunatafuta ufukwe tunapumzika, tunapika, tunalala, jioni tunaondoka tena. Mwenye pupa akibisha mchana kutwa tunampita usiku wakiwa wamelala kama magogo.

Chagua pia usiku wenye mwezi. Faida ya kwanza mnaona. Ya pili ni kwamba wavuvi wa vipe, zile boti za dagaa, wanavua dagaa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa wengi wanabaki nyumbani. Ukienda giza nene utakuta taa nyingi ziwani mpaka ukadhani ni mji, zinapendeza sana kwa macho, lakini chini ya kila taa kuna wavu, kamba na watu wanaotafuta riziki, na wewe huna haki ya kuwakatia kazi yao kwa sababu ya mbio zako. Ukikutana nao pita mbali, upande wa ziwani, usipite kati ya taa na ufukwe. Na kama ziwa limefungwa kuvua, kama ilivyokuwa 2024 kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, nyavu hamna lakini doria zipo, beba karatasi zote na ukisimamishwa shusha tanga mara moja, jibu vizuri.

Karatasi zenyewe: chombo kikaguliwe na TASAC, wale wakala wa serikali wa vyombo vya majini, uongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo unaotokea ujue mnaondoka, na muache orodha ya majina na namba za simu za nyumbani kwa mtu anayebaki. Angalia utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, asubuhi ya siku ya kuondoka, sio wa juzi. Wakisema upepo mkali ahirisheni, hata kama mashemeji wametoka Tabora kwa treni na likizo inaisha.

Kuhusu boti. Ya kwetu ni ya mbao, mita tisa. Wiki mbili kabla tunaipindua na kuangalia kila mshono, palipolegea tunatoa pamba ya zamani na kuziba upya kwa pamba iliyolowekwa mawese, unaigongea ndani kidogo kidogo na patasi butu mpaka inakataa kuingia. Usiiharakishe hiyo kazi. Halafu unaiacha majini usiku kucha mbao zivimbe, asubuhi unapima maji yaliyoingia, yakizidi ndoo moja rudi kwenye mishono. Tanga letu ni turubai, tunalishona mara mbili pembeni na kuweka mistari miwili ya vikamba vya kulipunguza. Chukua foromali ya akiba, sisi tulijifunza. Tena ifunge kwa kamba ambayo hata mtu mwenye mikono baridi anaifungua bila kisu.

Kama mna mashine ya akiba, na ninasisitiza muwe nayo, ifungeni kwenye nailoni ngumu na vyuma vyake vipakwe grisi. Wazee wa bandarini walikuwa wanatusimulia habari ya meli ya Liemba, Wajerumani walipoizamisha 1916 walipaka injini grisi nene kwanza, Waingereza walipokuja kuiopoa 1924 wakakuta injini bado nzima, na 1927 ikarudi kazini. Kama grisi iliokoa injini ya meli miaka kadhaa chini ya maji, itaokoa na ya kwako siku mbili za mawimbi.

Nanga iwepo ila usiitegemee, na hapa naomba msome vizuri. Ziwa letu ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470 pale penye kina kirefu, na kwenye milima ufukwe unakatika ghafla, mita chache tu kutoka kwenye mawe nanga haigusi chini. Ukishaharibikiwa usiku ukasema tutatia nanga tusubiri, utakuwa unaning'iniza chuma hewani. Kinachosaidia ni nanga ya kuelea. Ya kwetu ni gunia la turubai lililoshonwa kama soksi, mdomo mpana umewekewa pete ya chuma, mkiani kuna tundu dogo, kamba mita 30, inafungwa omo. Ukiitupa inajaa maji inavuta, chombo kinageuza uso kwenye mawimbi na kutulia, mnapata nafasi ya kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, na kutengeneza kilichovunjika. Usiku ule wa foromali hiyo ndiyo ilituokoa.

Laifujaketi kila mtu na ya kwake, inavaliwa tangu ufukweni. Wazee watakwambia mimi nimezaliwa ziwani, mwambie ndio mzee shikamoo, vaa. Mimi huwa navaa wa kwanza mbele yao na kuwapa wajukuu zao ndio wawafungie mikanda. Hapo hakuna anayekataa.

Sasa zamu. Tuko watu sita kwa boti moja, tunakaa watatu watatu, masaa matatu matatu, na kila zamu lazima iwe na baharia wa zamani mmoja na kijana mmoja. Usiweke baba na mwanae zamu moja. Baba atamkosoa usiku mzima au kijana atanuna, na mtu aliyenuna haangalii mbele. Kijana muweke na rafiki wa baba yake, utashangaa anavyofundishika, na yule mzee naye anamsimulia mambo ambayo baba mtu hajawahi kusimulia. Mume na mke inategemea, wengine wanaelewana vizuri kuliko pacha. Dada yangu ndiye anayejua kuusoma upepo kuliko wote kwetu na miaka ya mwanzo tulikuwa tunamuweka kwenye chakula tu, kosa kubwa, sasa hivi ana zamu ya saa nane usiku mpaka kumi na moja, ile ngumu.

Mabaharia wa zamani wana shida yao, na nasema kwa upendo maana ni watu wangu. Wanakumbuka mwili wa miaka 25. Atataka kuruka kushika kamba kama zamani na goti linakataa. Kabla hamjaondoka mwambieni kila mmoja aseme ukweli, presha, sukari, mgongo, dawa anazokunywa na ziko mfuko gani, na mwingine mmoja ajue. Kazi ya mzee ni usukani na macho na maneno, kamba waachiwe vijana. Na wakianza ubishi wa safari ya miaka thelathini iliyopita, nani aliacha usukani, waacheni wabishane mchana ufukweni wamalize, usiku hatubishani.

Chakula kisiwe kingi, ila kiwe kile mnachokula nyumbani. Usiku wa kwanza hatupiki kabisa, tunabeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, na migebuka ya kukaanga iliyokauka vizuri. Chai ya tangawizi chupa mbili kubwa, tangawizi inasaidia wanaochafukwa na tumbo. Anayechafukwa asilale chini ndani ya boti, akae katikati, aangalie milima, apewe kazi ndogo ya mikono. Mchana ufukweni ndio tunasonga ugali wa muhogo na kupika samaki wabichi kwa mawese, na hapo ndipo boti zote zinakutana, mshindi na wa mwisho wanakula sufuria moja. Maji ya ziwa yanaonekana masafi kama kioo lakini ya kunywa tunachemsha au tunatia dawa, mtu mmoja akiharisha chomboni zamu zote zinavurugika.

Njia yenyewe kwa kifupi. Mkitoka Katonga jioni mnapita Ujiji mkiwa bado na mwanga, kaeni kilomita tatu nne kutoka nchi kavu, miaka hii maji yalipanda na kuna miti na nguzo ambazo zamani zilikuwa kavu sasa ziko chini ya maji pembeni, ukikumbatia ufukwe unaweza kuzipanda. Wala msiende mbali sana magharibi, mpaka na Kongo uko katikati ya ziwa na hakuna mstari uliochorwa majini. Mdomo wa Malagarasi, pale Ilagala, piteni mbali zaidi, mto unasukuma magogo na majani, kuna viboko na mamba, na mkondo wake ukikutana na mawimbi ya kusi maji yanakuwa ya hovyo, yanaruka juu bila mpangilio. Baada ya hapo mtandao wa simu unakuwa wa kuokoteza, kwahiyo pigeni nyumbani kabla.

Rasi ya Kabogo ndiyo itakayowapima. Mlima unaingia ziwani na upepo unabana pale, unaweza kuwa na upepo mzuri ukakatika kimya, halafu upande wa pili wa rasi ukakupiga mara mbili yake. Wazee wa zamani walipokuwa wanapita Kabogo walitupa shanga majini kwa ajili ya wenyewe wa pale, yaani mizimu. Mimi sitakwambia utupe au usitupe, ila sisi tukifika tunapunguza tanga nusu kabla hatujaiona rasi vizuri, tunanyamaza wote na mtu mmoja tu anaongea. Mkishapita, kukiwa hakuna moshi, mnaanza kuiona milima ya Mahale, Nkungwe ina mita 2,462, na ukiiona alfajiri hivi, bluu, juu imefunikwa na wingu, watu waliokuwa wamekaa na baridi usiku mzima wanaanza kuimba wenyewe bila kuambiwa. Mzee mmoja wa kwetu anaivulia kofia kila mwaka.

Kutoka Sigunga kwenda Buhingu inategemea asubuhi inaamkaje. Mkikuta upepo umekufa, kasia. Mbio zetu zinaruhusu kasia na haziruhusu mashine, anayewasha mashine kwa ajili ya usalama hafukuzwi wala hatumchukulii vibaya, anahesabiwa tu hakushindana mwaka huo. Hiyo kanuni iandikeni, maana mkimuadhibu anayewasha mashine mwakani mtu ataogopa kuiwasha wakati anaihitaji. Na mwisho wa mbio uwe Buhingu, msipitilize, hifadhi ya Mahale inachukua na ukanda wa ziwa kama kilomita 1.6 kutoka ufukweni na huko mnaingia kwa kibali na malipo.

Boti ya kwanza ikifika haitawanyiki. Inakoka moto unaoonekana ziwani na kukaa macho mpaka ya mwisho ifike, hata ikichukua siku nzima. Ikipita masaa kumi na mbili hamjaiona mnamtuma mtu kwa boda mpaka penye mtandao, na mwenye orodha kule Kigoma anaanza kupiga simu vijiji vyote vya njiani.

Kurudi ni rahisi, kusi iko mgongoni, ila mgongoni kuna hatari yake, tanga linaweza kugeuka ghafla na foromali ikampiga mtu kichwani, kwahiyo wote wakae chini na usukani asishike mwenye usingizi. Tunawapa vijana washike mchana kutwa, wazee wanalala omo chini ya turubai. Mkifika Katonga kila mtu anakuwa na haraka ya kwenda kuoga, msiondoke kabla hamjatoa mashine, hamjafua maji yote na hamjatandaza tanga kwenye mchanga likauke pande zote mbili, maana tanga likikunjwa bichi mwakani mtalikunjua limeoza kwenye mishono.